Mkurugenzi wa Sanduku la Joto

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimepata cheo. Sikukiomba. Kilinikuta katika karakana ya Jasbir, nilikokwenda kutafuta mabaki ya mabati.

Jasbir alikuwa na wageni wawili. Mmoja ni Daktari Mansi, daktari wa watoto wachanga katika hospitali moja hapa mjini. Mdogo wa umbo, mkali wa macho. Wa pili ni Injinia Kipchirchir, mwalimu wa chuo, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Wanataka kutengeneza sanduku la kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. La bei nafuu, litengenezwe hapa hapa Nakuru kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa. Kila mmoja alikuwa akihangaika nalo peke yake, daktari na vibali vyake, injinia na michoro yake. Jasbir, anayewajua wote, ndiye aliyewakutanisha leo. Daktari alieleza kwamba wadi yake iliwahi kuletewa sanduku zuri kutoka ng'ambo. Likaharibika kidude kimoja. Kidude hicho hakipatikani nchi hii. Sasa sanduku liko stoo, na wafagiaji wanaanika matambara juu yake.

Mimi natengeneza mashine za kuangua vifaranga, mtaa wa Free Area. Mashine za Dalmas. Ziko Bahati, ziko Njoro, moja ilifika hata Keringet, ingawa ilirudishwa. Biashara ni mbaya. Siku hizi kila mfugaji ananunua ile ya plastiki inayotoka nje. Kwa hiyo niliposikia watu wenye elimu wakizungumza habari za joto, nilijisogeza. Nikawaeleza joto linavyotunzwa. Niliwaeleza kwa kirefu. Jasbir alizima mashine yake ya kukata mabati ili asikie, kisha akaiwasha tena.

Mwishowe Daktari alisema yeye ana zamu, Injinia ana vipindi, kukutana ni shida. Je, naweza kuwa napeleka habari huku na huku? Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Nyumbani nikamwambia mke wangu Wariara kwamba nimefanywa Mkurugenzi wa Mradi. Akauliza tangu lini mkurugenzi akatumwa kupeleka salamu.

Mpango wangu ni huu. Sanduku likifaulu, lazima libandikwe jina la mtu. Daktari ana jina tayari. Injinia ana jina tayari. Mimi, kwa mkwe wangu kule Dundori, naitwa "yule wa kuku". Miaka yote hiyo ya ndoa.

Jumatano, 7 Mei

Nimegundua siri ya ukurugenzi. Mtu wa kati ana thamani tu ikiwa walio pembeni hawaonani. Isitoshe, mafahali wawili hawakai zizi moja. Anahitajika mchungaji.

Asubuhi Daktari alinituma nimwambie Injinia kwamba sanduku litakuwa likioshwa kwa dawa kali kila siku, kwa hiyo lisiwe na kona za kukamata uchafu. Nilimfikishia Injinia kwamba Daktari ana wasiwasi na usafi wake. Injinia alitazama viatu vyake. Naye akanituma nimuulize Daktari, mtoto mkubwa kabisa atakayelazwa humo ana urefu gani. Nilimfikishia Daktari kwamba Injinia anauliza kama anajua watoto wana urefu gani. Daktari akasema nimwambie jambo hilo alilisomea.

Sikudanganya. Nilifupisha.

Kufikia saa kumi mavuno yalikuwa yameiva. Daktari alinivuta kando: "Dalmas, huyo mtu ana kiburi. Ongea naye wewe, mimi sitaki stress." Injinia naye, kwa simu: "Boss, huyo daktari ako na shida gani na mimi? Mambo yake pitisha kwako tu." Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa.

Ijumaa, 9 Mei

Kazi inasonga. Jasbir amekunja mabati vizuri, kona zote za mviringo, akayapaka rangi nyeupe. (Habari ya kona nilimpa Jasbir moja kwa moja. Mimi si mtu mbaya.) Injinia amefunga taa za joto na feni ndogo. Amefunga pia kile ninachokiita ubongo: bodi ya umeme yenye skrini, inayopima joto na kuamua taa ziwake lini na zizime lini. Ameiunda mwenyewe. Anaishika kwa vidole viwili kama anashika yai bichi.

Leo Daktari aliagiza kitu kimoja zaidi. Kitanda cha ndani kiweze kuinuliwa kidogo upande wa kichwa. Nesi akiinue kwa mkono, kishikiliwe na kijiti cha chuma.

Kijiti! Niliwaza tangazo litakavyosomeka. Sanduku la kisasa la joto, lina kijiti. Nani atalitaka? Nikamwambia Injinia kwamba Daktari anataka kitanda kiinuke chenyewe, kwa mota. Injinia alikuna kichwa. Alisema mota itapandisha bei, tena ni kitu kingine cha kuharibika, lakini kama ni kwa faida ya mtoto yeye hana la kusema. Nikamhakikishia ni kwa faida ya mtoto. Amefunga mota, na waya wake akauingiza kwenye bodi. Daktari alipopita jioni akaiona kwa mbali na kuuliza ni nini, nilisema ni ya hewa.

Kuhusu jina, kuna mvutano. Injinia anataka liitwe Joto Moja. Daktari anataka Kumbatio. Nimemwambia kila mmoja kwamba mwenzake amekataa katakata. Huku nyuma nimechapisha vibandiko mjini: DALMAS, JOTO LA KUAMINIKA, na namba yangu ya simu. Nilitaka na picha ya mtoto. Mchapishaji hakuwa nayo. Kwa sasa kuna kifaranga.

Wariara alivisoma vibandiko akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na bidhaa.

Jumapili, 11 Mei

Dundori, kwa wakwe. Mvua, baridi, matope hadi ndani ya soksi. Baba mkwe aliuliza habari za kuku. Nikamweleza taratibu: hospitali, daktari, injinia, sanduku, watoto. Alinisikiliza vizuri ajabu, hata chai yake ikapoa. Nilipomaliza akauliza linaingia mayai mangapi.

Nimerudi mjini na gunia la viazi.

Jumatatu, 12 Mei

Daktari alinibeba kwenye gari lake hadi zahanati moja ndogo nje ya Keringet, ndiko sanduku la kwanza litakakopelekwa. Injinia alitaka kuja. Nilimwambia gari limejaa. Lilikuwa na mimi na daktari na mwavuli.

Nesi wa pale anaitwa Kinsi. Mzaliwa wa Nakuru mjini, ameletwa huko na kazi. Hijabu ya kijivu, sweta mbili, na bado alikuwa akijikunja kwa baridi. Alituonyesha chumba. Kisafi, lakini kioo kimoja cha dirisha kimezibwa kwa kadibodi, na hita ni moja tu, ndogo. Alieleza kwamba mtoto mdogo kawaida hukaa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na hakuna mashine ya kushinda hilo. Shida ni mama akiwa mgonjwa.

Na leo mama mmoja alikuwa mgonjwa. Homa kali, hata kukaa hawezi. Mtoto alikuwa na bibi yake, wanamwita Kogo, amemtia ndani ya sweta yake mwenyewe, amekaa karibu na hita, hasogei hata kukuna pua. Nilichungulia. Vidole vya yule mtoto vilikuwa kama njiti za kiberiti. Kogo akaniuliza kama mimi ndiye mwenye lile sanduku walilosikia linakuja.

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa na jibu hilo wiki nzima. Lakini kinywa kilikataa. Nikasema hapana mama, mimi ni wa kuku.

Baadaye pikapu ya viazi ikaja kuwachukua kuwapeleka hospitali kubwa, wote watatu, mvua ikinyesha, Kogo akiwa mbele na mkono wake juu ya kile kifua. Kinsi alisimama mlangoni akiitazama mpaka ikakata kona. Akasema Julai huwa mbaya zaidi, akauliza sanduku litafika kabla ya Julai? Daktari akamweleza ukweli: vibali vingine vyote viko tayari, imebaki kamati ya hospitali, inakaa Alhamisi hii. Ikikubali, sanduku linakuja, na yeye mwenyewe atakaa nalo siku za mwanzo. Ikikataa, kamati haikai tena hadi Septemba.

Nikamuahidi Kinsi kwamba litafika. Hakuna aliyeniomba niahidi. Njiani kurudi sikusema neno hadi Njoro. Daktari aliniuliza kama naumwa.

Jumanne, 13 Mei

Balaa. Balaa tupu.

Leo nilitaka kuliona sanduku likiwaka. Sawa, niseme yote: nilitaka kupigwa picha nalo likiwaka, mkono mmoja juu yake, kwa ajili ya bango. Nilivaa koti la harusi. Soketi nzuri ilikuwa na mashine ya Jasbir ya kuchomelea, naye alikuwa akichomelea geti la mtu, hasikii la muadhini. Nikachomeka kando yake. Skrini ikawaka. Nikatabasamu. Jasbir akagusa chuma, cheche zikaruka, umeme ukayumba. Pakanuka kama mahindi yaliyosahauliwa kwenye jiko.

Ubongo umeungua. Mweusi tii. Jasbir hakuona. Picha yenyewe nimefumba macho.

Injinia aliwahi kuniambia kuunda bodi ile kulimchukua wiki kadhaa. Nikimwambia, Alhamisi imekwenda. Alhamisi ikienda ni Septemba. Nimekaa juu ya debe la rangi nikimwaza Kogo na ile sweta. Nikajaribu kumpigia Injinia. Simu ilipoita mara moja nikaikata.

Jumatano, 14 Mei

Akili ni mali. Joto ni joto. Mimi natunza joto tangu Injinia hajajua kufunga kamba za viatu. Nimetoa bodi kwenye mashine yangu mwenyewe ya vifaranga, nzima, imara, nikaifunga ndani ya sanduku. Waya wa taa kwa taa, waya wa feni kwa feni, waya wa mota kwa mota. Vimeingiana kama vilizaliwa pamoja. Nikashusha kipimo hadi pale Daktari alipoandika. Likawaka!

Kasoro moja ndogo. Ukiliwasha, skrini inasema KARIBU MFUGAJI. Niliiandika mwenyewe kuwafurahisha wateja, na namna ya kuifuta nimeisahau. Nimeifunika kwa plasta ya hospitali, nikaacha kijidirisha cha kuonyesha joto tu. Injinia akiuliza, nitasema ni agizo la Daktari kuzuia vijidudu. Anaamini kila kitu kuhusu Daktari na vijidudu.

Nililipima kwa uangalifu wa hali ya juu. Nilikaa nalo hadi chai ikaisha, pamoja na mandazi. Joto halikutikisika.

Naona fahari. Sikufanya hivi kwa ajili ya jina, au si kwa ajili ya jina peke yake. Kibandiko kimoja nimekiweka chini kabisa, nyuma, mahali ambapo mtu anaona akiinama.

Alhamisi, 15 Mei

Chumba cha mikutano cha hospitali. Kamati ilikuwa mezani. Mwenyekiti wao ni Daktari Micah, mzee wa upasuaji, miwani puani, maneno machache. Kinsi alikuwa ametoka Keringet alfajiri kuja kushuhudia. Daktari Mansi alikuwa ameniomba nilete kitu chenye uzito wa mtoto mdogo. Nikaleta viazi vya Dundori, nimevifunga kwenye shali ya zamani ya binti yetu Nekesa, na kofia juu. Walionekana kupendezwa.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Joto likapanda, likafika, likatulia. Daktari Micah akatikisa kichwa mara moja kukubali, na nimeambiwa mzee huyo hatikisi ovyo. Daktari Mansi akafungua mlango mdogo wa upande wa miguu kuonyesha nesi atakavyoingiza mikono. Injinia akaeleza umeme. Waliongea kwa zamu, hawatazamani, kama watu waliokosana harusini.

Plasta ikapata moto. Ikajikunja pembe moja, ikaanguka. Daktari Micah akasukuma miwani, akasoma kwa sauti, polepole: Karibu mfugaji. Akasoma na mstari wa chini: Mayai yako salama.

Nilikuwa naanza kueleza kwamba hiyo ni lugha ya kitaalamu, mota ikaamka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mfugaji analijua, na ambalo mimi, nimeishi nalo miaka yote hiyo, nililisahau kabisa. Mayai hugeuzwa. Usipoyageuza, kifaranga hugandia upande mmoja. Kwa hiyo bodi yangu, kila baada ya muda, huinamisha trei. Inafanya kwa upole sana. Ndiyo sifa yake.

Kitanda kikainuka upande wa kichwa. Kikazidi kuinuka. Kofia ikatangulia kutoka, shali ikafunguka, viazi vikateremka kimoja kimoja kwa upole ule ule, vikapita mlangoni, vikagonga meza, vikaenda sakafuni. Kimoja kilisimama kwenye kiatu cha Daktari Micah. Halafu kitanda kikashuka, kikanyooka, kana kwamba kimemaliza kazi nzuri.

Injinia ndiye aliyezungumza kwanza. "Boss, hii kitu inamwaga mtoto."

Daktari Mansi akamuuliza kwa nini sanduku lina mota. Injinia akasema si wewe ulitaka kitanda kiinuke chenyewe? Daktari akasema alitaka kijiti. Injinia akasema kijiti gani? Daktari akasema kijiti cha chuma, alikiagiza Ijumaa. Halafu Injinia, kwa sauti ya chini: "Kwani hukusema mimi ni mchafu?" Daktari akamtazama. "Nani alisema hivyo? Si wewe uliuliza kama najua watoto?"

Wakageuka wote wawili wakanitazama. Kamati nayo ikageuka. Nimewahi kutazamwa vibaya, nina wakwe, lakini si hivyo.

Daktari Micah alisema hawezi kuruhusu sanduku linalomgeuza mtoto kama chapati. Hakusema kwa hasira. Alifunga faili.

Kinsi alikuwa amechuchumaa akiokota viazi. Alivikusanya vyote kwenye shali, akaifunga vizuri, akaniwekea mikononi. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 16 Mei

Sikutoka nyumbani hadi mchana. Wariara alinipikia, akaniacha nile, ndipo akauliza. Nikamwambia yote, hata kuhusu koti la harusi. Hakucheka. Alisema, "Baba Nekesa, hao watu wangeongea wenyewe tu, hii kitu ingeshaisha." Nikamwambia ukurugenzi ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Kinsi alipiga simu. Hakupiga kugomba. Alitaka kujua tu kama awaambie kina mama wa huko ni Septemba, ili wale walio karibu kujifungua wajipange kwenda kukaa kwa ndugu mjini. Nikakata simu. Nililia kidogo, upande wa nyuma, kwenye vizimba, ambako hata ukilia kuku wanakuzidi kelele.

Basi nikaunda mpango wa mwisho. Nitakwenda kuwapatanisha. Nitasimama kati ya Daktari na Injinia, nitatoa hotuba, watasameheana, wataniheshimu. Hotuba niliiandaa njiani. Ilikuwa na methali za kutosha.

Nimefika kwa Jasbir, nikawakuta wameketi juu ya ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa, wanakula bhajia kutoka karatasi moja. Wanacheka! Injinia alikuwa akiigiza Daktari Micah anavyosoma skrini. Daktari Mansi alikuwa amejishika mbavu. Kati yao kulikuwa na michoro, na kijiti cha chuma, tayari kimekatwa, Jasbir amekipiga msasa.

Niliposimama mlangoni kicheko kiliisha. Nikasema bodi imeungua, ni mimi, nilikuwa napiga picha. Injinia akasema wameshajua, walifungua. Kisha akaniambia ana bodi nyingine nyumbani, kabatini. Daima huunda mbili.

Kabatini. Tangu mwanzo. Nilihitaji tu kuacha ile simu iite mara ya pili.

Daktari alisema waliporudi kwa Daktari Micah pamoja, wakamweleza kilichotokea, mzee alicheka mpaka akavua miwani. Amewapa kikao cha ziada Jumanne, kabla hajaenda likizo. Ameweka sharti moja. Daktari aliangalia bhajia wakati wa kulitaja. Sharti ni mimi.

Jumanne, 20 Mei

Nimeruhusiwa kukaa nyumbani. Nimekaa.

Nimekaa hadi saa nne. Halafu nikaona hospitali ni mahali pa umma na mtu anaweza kuwa na kikohozi. Nikapanga foleni ya kikohozi, kwenye benchi linalotazama dirisha la kile chumba. Sikuona kitu ila mgongo wa Injinia. Mgongo haukuonyesha wasiwasi. Mkono wa Daktari ulionekana mara moja, ukiinua kitu na kukishikiza. Kijiti, nadhani. Kazi yake ilichukua muda wa kupiga chafya.

Jasbir alinipigia adhuhuri. "Imepita, kijana. Wamepitisha bila swali." Niliruka. Daktari wa kikohozi aliniambia nimepona, nipishe mwingine.

Nina furaha. Nasema kweli, nina furaha iliyojaa hadi kooni. Pia nimekasirika. Sanduku limeandikwa KUMBATIO, na chini yake, kwa herufi ndogo, Joto Moja. Wamegawana jina. Kibandiko changu wamekibandua, na Jasbir anasema walitumia mafuta ya taa.

Jumamosi, 31 Mei

Kinsi amepiga simu kutoka Keringet. Nilidhani amekosea namba.

Amesema usiku wa juzi alizaliwa msichana, mdogo sana, mama akavuja damu, akapelekwa hospitali, hakuna wa kumshika mtoto. Wamemweka ndani ya sanduku. Daktari Mansi yuko huko huko tangu lilipofika, amelala kwenye kiti. Asubuhi hii Kinsi alimgusa mtoto miguu, na miguu ilikuwa na joto. Mama ameshatiwa damu, anarudi kesho. Kinsi alisema anawapigia wote waliohusika. Nilimuuliza kama anajua amepiga kwa Dalmas. Akasema anajua.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye maranda. Nikalia waziwazi, mteja akiwa amesimama. Aliyekuja kununua mashine ya mayai aliondoka akisema atarudi nikitulia. Hajarudi. Sijali. Miguu ina joto!

Nikamuuliza Kinsi kama mtoto ameshapewa jina. Akasema bado. Nikampa pendekezo. Simu ikakatika, mtandao wa Keringet ni dhaifu.

Jumatano, 4 Juni

Wariara ameniuliza kwa utulivu, tukinywa chai, ni nini nimejifunza katika mambo haya. Swali zuri. Nilikuwa nimelitafakari siku nyingi.

Nimemwambia nimejifunza kwamba daktari na injinia hawawezi kupatana bila mtu wa kati. Tazama ushahidi. Kabla yangu hawakujuana. Nilipoingia wakachukiana. Nilipotolewa wakala bhajia karatasi moja. Sasa wanapigiana simu kila siku na wanaunda sanduku la pili. Katika hatua zote hizo, ni nani aliyekuwepo? Wariara alisema anakwenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba, niliangalia.

Naandika haya Salgaa, katika hoteli moja ya madereva wa malori, nikisubiri supu. Nimepata mradi mpya. Kuna Daktari Farhiya, wa macho, anayezunguka vijijini akipima wazee. Anatafuta taa ndogo ya kumulika jicho, ya bei nafuu, ya kutengenezwa hapa hapa. Na hapa Salgaa kuna Tanveer, fundi wa taa za malori, hakuna anayemfikia kutoka hapa hadi Eldoret. Hawajuani. Nimeshawaeleza wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, kwamba mwenzake ana hasira za karibu na hapendi kupigiwa simu.

Daktari Farhiya ameagiza jambo moja tu, amelirudia mara mbili ili nisisahau: mwanga uwe hafifu, laini, usiumize jicho la mgonjwa.

Hafifu! Nani atanunua taa ya mwanga hafifu? Nimemwambia Tanveer kwamba Daktari anataka ya lori.